Kuzuia Ukoga Usijengeke: Mwongozo Kamili wa Kutumia Chai, Mswaki na Viungo vya Lamu

Meno huoza kwa sababu ya asidi, na asidi hiyo hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya ukoga, yaani ule utando laini unaohisiwa kwa ulimi mtu anapoamka asubuhi. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuutatiza utando huo ungali unaanza kujijenga, kwa kutumia viambato vya asili ambavyo mkazi wa Lamu anaweza kuvipata bila kusafiri hadi Mombasa: majani ya chai, mswaki (yaani kijiti cha mti kinachotafunwa), karafuu, mdalasini na majani ya mpera. Hauelezi namna ya kutibu jino lililokwisha kutoboka, kwa kuwa hakuna jani wala mafuta yanayoweza kuliziba tundu, na anayekuuzia dawa ya namna hiyo anakuuzia maneno matupu.

Jinsi ukoga unavyojengeka

Dakika chache baada ya jino kusafishwa, protini za mate hulifunika kwa ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho. Juu ya ngozi hiyo hutua bakteria wa kwanza, hasa Streptococcus sanguinis na Streptococcus oralis, ambao wakiwa peke yao hawana madhara makubwa. Hatari huongezeka anapoingia Streptococcus mutans, bakteria aliyeelezwa kwa mara ya kwanza na J. Kilian Clarke mjini London mwaka 1924, baada ya kumpata katika meno yaliyooza. Bakteria huyu hutengeneza asidi, huistahimili kuliko majirani zake wengi, na zaidi ya hayo ana vimeng'enya vinavyoitwa glukosiltransferasi, ambavyo huipasua sukari ya kawaida ya mezani, yaani sukrosi, na kuziunganisha sehemu zake za glukosi ziwe nyuzi ndefu za glukani. Glukani ndiyo gundi ya ukoga. Ile iliyo mbaya zaidi haiyeyuki katika maji, huwashikamanisha bakteria na kuwagandisha jinoni, na huyazuia mate yasipenye kwa urahisi kwenda kuipunguza makali asidi iliyo chini.

Gamba gumu la nje la jino huanza kupoteza madini pale pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, inaposhuka chini ya 5.5 hivi. Katika miaka ya 1940, Robert Stephan wa Marekani alionyesha kwamba pH ya ukoga huporomoka dakika chache tu baada ya mtu kunywa maji ya sukari, kisha huchukua kati ya nusu saa na saa nzima kurudi ilikokuwa. Hesabu hiyo ni nyepesi kwa anayekunywa kikombe kimoja cha chai tamu asubuhi, lakini ni nzito kwa anayekaa barazani tangu alasiri hadi Isha, akionjaonja kikombe kila baada ya robo saa, kwa sababu jino lake halipati muda wowote wa kurudishiwa madini na mate.

Viambato vya asili vinaweza kuingilia kati kwa kuwazuia bakteria wasijishike kwenye jino, kwa kuvidhoofisha vile vimeng'enya vinavyotengeneza glukani, au kwa kuwaua na kuwadumaza bakteria wenyewe. Kwa maoni yangu, nguvu yao ya kweli iko katika kazi mbili za kwanza, na kosa la wauzaji wengi wa dawa za asili ni kushikilia ile ya tatu. Bakteria waliokwisha kujificha ndani ya ukoga uliokomaa wanaweza kustahimili dawa kwa kiwango kinachofika mara 1000 ya kile kinachowaua wakiwa wanaelea peke yao. Kwa hiyo mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko uchaguzi wa dawa. Fundi wa majahazi wa Matondoni, kijiji cha kisiwani Lamu, hapaki deheni, yaani mafuta ya kukinga mbao, juu ya magugu na viumbe vya bahari vilivyoganda chini ya chombo. Hukikwangua kwanza, na kikiwa safi ndipo akapaka.

Jambo jingine la kuwekwa wazi tangu mwanzo ni kwamba sehemu kubwa ya matokeo yanayotajwa kuhusu mimea hutoka maabara, ambako bakteria hulowekwa katika dawa kwa saa nyingi. Kinywani mambo ni tofauti, maana mate, ambayo hutoka nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku, husomba dawa ndani ya dakika chache. Ndiyo sababu hatua zinazofuata zinasisitiza muda wa kuikalisha dawa kinywani na kuirudia kila siku, wala hazisisitizi ukali wake.

Hatua ya kwanza: kuutafuta ukoga ulipo

Ukoga hauonekani vizuri kwa kuwa rangi yake hukaribiana na ya jino. Nunua rangi nyekundu ya chakula, ile ile wanayoitumia wapishi wa mabuyu, utie matone matatu au manne katika vijiko viwili vya maji, usukutue kwa nusu dakika, uteme, kisha usukutue mara moja kwa maji safi. Paka midomo mafuta kidogo kabla ya kuanza, na usifanye jambo hili ukiwa umevaa kanzu nyeupe. Baada ya hapo simama mahali penye mwanga wa kutosha na kioo cha mkono, utazame panapobaki na wekundu.

Kwa watu wengi wekundu huonekana ukingoni mwa ufizi, katikati ya jino na jino, nyuma ya meno ya mbele ya chini, na upande wa ndani wa magego. Andika au kumbuka sehemu hizo, kwa sababu ndizo zitakazokuonyesha baadaye kama utaratibu wako unafanya kazi. Ukiona doa jeupe lisilong'aa, mfano wa chokaa, karibu na ufizi, hiyo ni dalili kwamba jino limeanza kupoteza madini, na katika kiwango hicho bado linaweza kurejea katika hali yake.

Hatua ya pili: kuuondoa uliopo

Hapa hakuna njia ya mkato. Ukoga huondolewa kwa kusuguliwa, kwa burashi laini au kwa mswaki uliotafunwa vizuri, mara mbili kwa siku, kwa dakika mbili kila mara, na kwa uzi wa meno baina ya jino na jino kila usiku. Uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe hautoki kwa burashi wala kwa mmea wowote, bali hukwanguliwa na mhudumu wa meno, na afadhali ukwanguliwe kabla hujaanza kuhangaika na viambato vinavyofuata.

Tumia dawa ya meno yenye floridi, yaani madini yanayoliimarisha jino dhidi ya asidi, kiwango cha sehemu 1000 hadi 1500 kwa milioni, kama inavyoandikwa kwenye ganda lake. Najua kwamba baadhi ya wasomaji wanatafuta njia za asili kwa nia ya kuiepuka floridi, lakini siwezi kuwaunga mkono, kwa sababu hakuna mmea hata mmoja katika mwongozo huu ambao ushahidi wake wa kuzuia meno kuoza unakaribia ule wa dawa ya meno ya kawaida. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Mimea hapa ni nyongeza. Baada ya kusugua, tema povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floridi ibaki kwenye jino.

Hatua ya tatu: kuwanyima sukari wanaoijenga gundi

Kwa kuwa glukani hujengwa kwa sukrosi, kiambato chochote cha kuvizuia vimeng'enya kitakuwa kinapigana vita visivyokwisha iwapo sukari inaingia kinywani kila mara. Jambo la kuzingatia zaidi ni idadi ya mara, na muda ambao kitu kitamu hukaa kinywani. Kipande cha halua kinacholiwa mara moja baada ya chakula cha mchana hudhuru kidogo kuliko mfuko mdogo wa mabuyu unaomumunywa mchana kutwa, kwa sababu mabuyu huunganisha sukari, uchachu wa tunda lenyewe, na mazoea ya kuiacha kokwa shavuni hadi rangi yake itoke. Iwapo ningeulizwa ni kitu kipi kimoja ambacho watoto wa mjini Lamu wapunguziwe, ningetaja hicho kabla ya soda.

Kashata, kaimati za shira na visheti viliwe pamoja na mlo badala ya kuliwa kati ya mlo na mlo. Tende hunata katika mitaro ya magego, basi anayezila anywe maji baada yake na kuyazungusha kinywani. Wanaotafuna miraa wana tatizo la aina yake, kwa kuwa kinywa hukauka na mate hupungua, na kukauka huko huondolewa kwa soda na ubani mtamu wa kutafuna kwa saa nyingi mfululizo; mtu huyo akitaka kuyaokoa meno yake pasipo kuacha miraa, abadilishe soda kuwa maji, na ubani uwe usio na sukari. Chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi inaweza kubaki palepale ilipo, ila sukari ipunguzwe kijiko kimoja baada ya kingine hadi ulimi uzoee, na kikombe kinywewe mpaka kiishe kwa mkao mmoja.

Hatua ya nne: kusukutua kwa chai ya rangi

Kati ya viambato vyote vilivyo karibu nasi, chai ndiyo ninayoitanguliza, kwa sababu ni nafuu, kipimo chake kinajulikana, na madhara yake ni machache. Majani ya chai yana polifenoli, yaani viambato vya mmea vinavyoleta ule ukakasi mdomoni. Katika chai ya kijani zilizo nyingi ni katekini, hasa ile inayofupishwa EGCG, ambayo imeonekana maabara ikividhoofisha vimeng'enya vya glukosiltransferasi na kuwafanya bakteria wajishike kwa shida. Katika chai nyeusi, sehemu kubwa ya katekini hugeuka wakati majani yanapochachushwa kiwandani na kuwa theaflavini na thearubijini, nazo pia zina uwezo wa namna hiyo. Zaidi ya hayo, mchai ni mmea unaokusanya floridi katika majani yake, na kiasi fulani cha floridi hiyo huingia katika maji ya chai.

Chemsha maji, uyamimine kiasi cha mililita 200, yaani kikombe kimoja cha kawaida, juu ya kijiko kimoja cha chai cha majani, ufunike na uache kwa dakika tano hadi kumi. Usitie sukari, asali wala maziwa. Maziwa yanakatazwa hapa kwa sababu protini yake, kaseini, hushikamana na polifenoli na kuzipunguzia uwezo wa kwenda kufanya kazi jinoni. Anayekunywa chai ya maziwa kwa ajili ya ladha na afya ya mifupa aendelee, lakini asiihesabu kuwa ni dawa ya ukoga. Chuja, uache ipoe hadi iwe vuguvugu, kisha uchukue mkupuo mmoja, uuzungushe kinywani kwa nguvu kwa dakika nzima huku ukiusukuma baina ya meno, uteme, na urudie mkupuo wa pili. Fanya hivyo mara mbili kwa siku, ikiwezekana baada ya chakula cha mchana na baada ya kitu chochote kitamu. Chai iliyobaki itumike siku hiyo hiyo, maana katika joto letu haikai.

Usisukutue kwa chai mara tu baada ya kupiga burashi, kwa sababu utaiosha floridi uliyoiacha kwenye meno. Subiri nusu saa. Meno yakianza kuwa na madoa ya hudhurungi, punguza nguvu ya chai au uhamie chai ya kijani, ambayo hutia madoa kidogo zaidi. Wajawazito na wenye upungufu wa damu wasukutue na kutema badala ya kunywa chai nyingi pamoja na chakula, kwa kuwa polifenoli hizo hizo huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri tumboni.

Wapenzi wa kahawa chungu wanastahili neno moja. Kahawa iliyokaangwa imeonyesha katika majaribio ya maabara kwamba inaweza kuwapunguzia Streptococcus mutans uwezo wa kujishika, kwa hivyo kikombe kidogo cha kahawa chungu yenye tangawizi, kama inavyouzwa jioni kwenye mabirika ya shaba, si adui wa meno. Adui ni kipande cha kashata kinachofuatana nacho.

Hatua ya tano: mswaki, na mambo unayoyaweza na usiyoyaweza

Mti wa mswaki, ambao jina lake la kitaalamu ni Salvadora persica, humea katika nchi kavu za bara, zikiwemo sehemu za Tana River na Garissa, na vijiti vyake huuzwa hapa mjini kwa mafungu. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu mwaka 1986 kwamba vijiti vya kupigia mswaki vitumiwe mahali vinapozoeleka. Ndani yake mna silika inayosaidia kusugua, tanini, chumvichumvi mbalimbali, viambato vya salfa, na mafuta yanayofuka yaitwayo benzili-isothayosianeti, ambayo ndiyo huleta ule ukali unaochoma ulimi kidogo.

Hapa pana jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Benzili-isothayosianeti ina nguvu zaidi dhidi ya bakteria wa kundi la Gram hasi (bakteria wengi hugawanywa makundi mawili, Gram hasi na Gram chanya, kwa jinsi kuta zao zinavyoshika rangi ya maabara), ambao ndio wengi wao huhusika na magonjwa ya fizi, ilhali Streptococcus mutans yuko katika kundi la Gram chanya. Kwa hiyo mswaki unapozuia meno kuoza, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na nyuzi zake zinazosugua, pamoja na mate mengi yanayotoka wakati wa kuutafuna. Nayo floridi iliyomo ni ndogo mno, wala hailingani hata kidogo na ile ya dawa ya meno. Ninausifu mswaki kwa dhati, ila kwa sababu zilizo za kweli, na ningependa anayeutumia asubuhi na mchana atumie burashi na dawa ya meno usiku kabla ya kulala.

Chagua kijiti kibichi, kinachopindika bila kukatika, chenye unene wa sentimita moja hivi. Kilichokauka hadi kuwa cheupe kimekwisha kupoteza mafuta yake na kitachubua fizi. Kioshe, umenye ganda la ncha kwa urefu wa sentimita moja, ukiloweke katika maji safi kwa muda kidogo ikiwa ni kigumu, kisha utafune taratibu hadi nyuzi zitawanyike na kulainika. Kishike kwa vidole vitatu kama unavyoshika kalamu, uweke nyuzi ukingoni mwa ufizi, usugue kuelekea ncha ya jino, yaani juu kwenda chini kwa meno ya juu, na chini kwenda juu kwa meno ya chini. Usisugue kwa kukata kama msumeno, maana huko ndiko kunakosababisha fizi kurudi nyuma na shina la jino kubaki wazi, hali inayoonekana kwa wazee wengi waliopiga mswaki maisha yao yote kwa bidii kubwa na mwelekeo mbaya. Upande wa ndani wa magego ndio unaosahauliwa zaidi kwa sababu kijiti kimenyooka. Pinda nyuzi kwa pembe, ufungue kinywa wazi, na uyafikie magego moja moja.

Kata nyuzi zilizotumika kila baada ya siku moja na utafune ncha mpya, kwa kuwa ya zamani haina tena nguvu na imekuwa makazi ya bakteria. Usiuweke mswaki wazi mfukoni, na usimwazime mtu, hata ndugu wa tumbo moja.

Viungo vingine, kwa ufupi

Karafuu ina eujenoli, ambayo hufanya sehemu kubwa ya mafuta yake, nayo huwadhuru bakteria na kutia ganzi. Chemsha karafuu nne au tano katika kikombe cha maji kwa dakika kumi, uchuje, upoze, usukutue na kutema mara moja kwa siku. Mafuta yake halisi yasipakwe kwenye fizi bila kuzimuliwa, kwani huziunguza, na yawekwe mbali na watoto, ambao wakiyameza wanaweza kudhurika vibaya. Mdalasini, kwa sinamaldehaidi yake, umeonekana maabara ukipunguza ujenzi wa utando wa Streptococcus mutans, na kijiti chake kinaweza kutiwa katika ile chai ya kusukutua. Anayepata vidonda au muwasho mdomoni auache.

Majani ya mpera yana kwesetini na viambato vya jamii yake, na mimi huyaona kuwa mbadala mzuri wa chai kwa asiyetaka madoa: kiganja kimoja cha majani machanga, vikombe viwili vya maji, dakika kumi motoni. Mwarobaini umechunguzwa pia, na utafiti wa mwaka 1996 uliotumia kimiminika cha vijiti vyake ulionyesha kwamba baadhi ya Streptococcus hushindwa kujikusanya na kujishika vizuri wanapokutana nacho. Uchungu wake hauvumiliki na kila mtu, na wajawazito pamoja na watoto wadogo wasiutumie kwa kumeza. Kurkumini ya manjano inavutia maabara kwa kuwa huyagusa yale maumbo ambayo bakteria huyatumia kujishika, lakini haiyeyuki katika maji na hutia rangi kila inachokigusa, hivyo iachiwe mchuzi. Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki, na wapo wanaoyasukutua kwa robo saa kila asubuhi. Hayadhuru yakitemwa, ila muda huo ungetumika vizuri zaidi kwa uzi wa meno.

Zailitoli si ya Lamu, lakini inafaa kutajwa kwa kuwa ni kiambato cha asili kilichojaribiwa katika vinywa vya watu na si katika vyombo vya maabara peke yake, kuanzia majaribio ya mji wa Turku nchini Finland katika miaka ya 1970. Ni kitu kitamu cha jamii ya sukari kinachopatikana katika mimea, ambacho Streptococcus mutans hukiingiza mwilini mwake kisha akashindwa kukitumia, akabaki anapoteza nguvu. Hupatikana katika ubani wa kutafuna, nawe unahitaji gramu 5 hadi 6 kwa siku, zikigawanywa mara tatu au zaidi baada ya chakula. Soma kibandiko, na ununue tu ubani ambao zailitoli imetajwa mwanzoni mwa orodha. Ikizidi huharisha. Lamu ni mji wa paka zaidi kuliko mbwa, lakini mwenye mbwa ajue kwamba zailitoli ni sumu kali kwao.

Visivyofaa kutiwa kinywani kwa jina la asili

Ndimu na ukwaju huondoa madoa kwa sababu huliyeyusha jino lenyewe. pH ya maji ya ndimu iko kati ya 2 na 3, chini kabisa ya kile kiwango cha 5.5. Mkaa uliosagwa, majivu na mchanga laini hukwaruza, na mikwaruzo huupa ukoga mahali pazuri zaidi pa kujishika. Asali, hata ile nzuri inayorinwa na Waaweer katika msitu wa Boni, kwa kiasi cha asilimia 80 hivi ni sukari, basi isipakwe kwenye meno wala kwenye nyonyo ya mtoto, na aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa. Tambuu yenye popoo haina nafasi katika mazungumzo haya kwa kuwa popoo inajulikana kusababisha saratani ya kinywa.

Utaratibu katika mwezi wa Ramadhani

Mwenye kufunga hukaa saa kumi na tatu hivi bila maji, na mate yake hupungua, hali inayowapa bakteria nafasi. Baada ya daku, piga burashi kwa dawa ya meno yenye floridi kabla ya alfajiri kuingia, na usile kitu kitamu baada ya hapo. Mswaki utumike asubuhi, kwa kuwa katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani, ni makuruhu kwa aliyefunga kuutumia baada ya jua kupinduka. Wakati wa futari, anza kwa tende na maji kama ilivyo ada, kisha ule ushibe. Hatari kubwa ya mwezi huu iko baina ya futari na daku, ambapo sahani ya kaimati hubaki mezani na kila apitaye huchukua moja. Sahani hiyo iondolewe, na ile chai ya kusukutua itumike mara moja baada ya tarawehe.

Kwa watoto

Watoto hawazaliwi na Streptococcus mutans. Mara nyingi humpata kwa mate ya mama au mlezi, kwa kijiko kilichoonjwa au chakula kilichotafuniwa. Kwa sababu hiyo, mama anayeusafisha mdomo wake anamlinda mtoto pia. Jino la kwanza likitoka, lisuguliwe kwa dawa ya meno ya kiasi cha punje ya mchele, na kuanzia miaka mitatu kiasi cha punje ya choroko iliyovimba. Chupa ya chai tamu isiingie kitandani. Kusukutua kwa chai, karafuu au majani ya mpera kusianze kabla mtoto hajaweza kutema vizuri, jambo ambalo kwa wengi huwa karibu na miaka sita.

Kupima matokeo

Baada ya wiki mbili, rudia ile rangi nyekundu, wakati ule ule wa siku kama ulivyofanya mara ya kwanza. Wekundu ukipungua kwenye nyuso pana za meno lakini ukabaki ukingoni mwa ufizi, tatizo liko katika mkono na si katika dawa. Ukibaki baina ya meno, uzi hautumiki. Ukipungua kila mahali isipokuwa kwenye jino moja, litazame jino hilo kwa makini, kwani huenda lina ukingo wa kujaziwa uliobanduka au tundu lililoanza.

Fizi zinazotoka damu mwanzoni hutulia ndani ya wiki moja au mbili zikisafishwa. Zikiendelea zaidi ya hapo, jino likiuma kwa baridi na kukawia kupoa, likiuma usiku, au shavu likivimba, nenda kwa daktari wa meno. Karafuu katika hali hiyo hunyamazisha maumivu kwa saa chache huku tundu likiendelea kwenda ndani, na uvimbe unaoambatana na homa au ugumu wa kumeza ni jambo la kushughulikiwa siku hiyo hiyo, hata ikibidi boti ikodiwe usiku kutoka Faza au Siyu.